Waliooana Mara Mbili

Babu yangu mzaa baba, Martin Gaughan, alibatizwa wiki tatu kabla hajazaliwa. Tegueni hicho.

Wajukuu zangu kilipowashinda walinipa miji. Nikala Galway yote, nikala Limerick, nikaomba na Dublin ya kushushia, ndipo nikawafungulia. Zamani zile mtoto akizaliwa kwetu Kilvarna alikimbizwa kanisani siku ya pili yake, maana hakuna mama aliyethubutu kulala na mtoto ambaye hajaguswa na maji ya ubatizo. Lakini kwa mwandikishaji wa serikali kulikuwa mbali, huko mjini, na baba alikuwa na viazi vya kupalilia na mboji ya kukata, ile inayokaushwa ikawa kuni zetu. Anakwenda akipata nafasi. Akichelewa sana anatozwa faini, basi akifika pale mezani anaukuna utosi na kusema, "Mtoto kazaliwa juzijuzi tu, bwana." Mwandikishaji anaandika. Kitabu cha kanisa kinasema Mei, cha serikali kinasema Juni, na mtoto mwenyewe yuko nyumbani ananyonya bila habari na vyote viwili. Nusu ya watu wa Mayo wa zama zile walibatizwa kabla ya kuzaliwa.

Nilipomsimulia kaka yangu Austin, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajitengenezea sheria.

"Umeona, Delia? Karatasi ya serikali inadanganya. Ya kanisa haidanganyi."

"Hata ya kanisa, kaka, Padri alikuwa anaandika huku baridi imemkaza vidole."

"Haidanganyi," akasema. "Weka hiyo kichwani."

Mambo ya vitabu hivyo niliyaanza baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Kule maktaba ya mjini kuna kompyuta na viti vyenye mito, na mwanamke mmoja mpole alinionyesha pa kubonyeza. Austin ndiye aliyenituma. Alitaka mti wa ukoo wetu, uandikwe kwa mwandiko mzuri, utiwe kwenye fremu na utundikwe jikoni kwake kabla Misa ya zamu haijafika.

Misa ya zamu ndiyo hii: kila masika na kila vuli, Padri huja kwenye nyumba moja ya upande wetu, anasoma Misa juu ya meza ya jikoni, na majirani wote wanakula hapo. Nyumba hupakwa rangi, madirisha husuguliwa, hata mbwa huogeshwa. Zamu hufuata barabara. Inaanzia kwangu mimi, kwa Padden nilikoolewa, pale darajani. Inapanda kwa Lavelle, inafika kwa Gaughan, yaani kwa Austin, pale nilipozaliwa, kisha inakwenda kwa Ruddy. Kati ya Gaughan na Ruddy kuna nyumba nyeupe ya Winnie Togher. Misa inairuka.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipotambua kwamba inairuka. Hakuna aliyewahi kuniambia sababu, wala sikuuliza, kwa kuwa sababu nilikuwa nayo tangu ninanyonya. Togher ni wa Supu. Wakati wa Njaa Kuu, viazi vilipoozea ardhini, wamisionari wa Kiprotestanti walifungua jiko kule chini pwani, na aliyekubali kuingia kanisani kwao alipewa bakuli. Togher walikunywa. Walirudi kwetu baadaye, wakawa Wakatoliki kama sisi, wakazika na kuzikwa nasi, lakini jina halikurudi. Kulikuwa na wimbo wa kuuliza bakuli liko wapi. Niliurithi kama nilivyoirithi pua ya baba.

Winnie ndiye Togher wa mwisho. Hakuolewa. Ana miaka themanini na kitu na moyo wake unamsumbua, lakini Misa za zamu hakosi hata moja. Huja na mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, uliofungwa kwa kitambaa safi, anauweka mwisho wa meza, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na huondoka kabla ya chai ya pili.

Kwaresima ya mwaka ule alinijia darajani, taratibu, na fimbo yake.

"Delia, mdogo wangu, una nafasi?"

"Ninayo. Kaa karibu na moto."

Hakukaa. "Nataka Misa isomwe jikoni kwangu. Mara moja tu, kabla sijaenda. Nimemwambia Padri Shaji."

Padri wetu siku hizi ametoka India. Ana sauti nzuri na koti zito kuliko la mtu yeyote.

"Amesemaje?"

"Amesema kwake hakuna neno, atakuja hata kesho. Lakini zamu ni yenu, majirani. Atauliza mwisho wa Misa, kama inavyoulizwa siku zote, na mwenye nyumba ndiye anayeipokeza mbele." Akaigonga fimbo sakafuni polepole. "Mwenye nyumba safari hii ni Austin. Wewe ni dada yake."

"Nitasema naye, Winnie."

"Nyumba iko tayari," akasema. "Mwambie iko tayari."

Nikaenda siku ileile. Austin alikuwa juu ya ngazi anapaka dari, na mkewe Concepta amemshikia ngazi kwa mkono mmoja na sandwichi kwa mwingine.

"Kwa Winnie?" Austin akashuka. "Misa kwenye nyumba ya supu?"

"Ni mama mzee, kaka. Anaumwa."

"Namhurumia. Nitampelekea mboji, nitamtengenezea paa, nimewahi kukataa? Lakini babu zetu walikufa na majani mdomoni, Delia. Majani mabichi. Walilala pembezoni mwa barabara hii hii, midomo ya kijani, na jiko la supu wanalinusa kutoka hapo walipolala. Halafu leo mimi niichukue Misa kwa mkono wangu nikaiweke kwenye meza ya Togher?"

"Meza ina kosa gani?" Concepta akauliza huku anatafuna.

"Wewe shika ngazi."

Akanionyesha fremu. Ilikuwa imeshachongwa, ya mwaloni, nzito, na chini yake fundi alikuwa ameandika kwa rangi ya dhahabu: *Walikufa Njaa, Hawakuinama.* Katikati palikuwa patupu panasubiri majina yangu.

"Bado ndoa ya Anthony na Sabina tu," akasema. "Niletee hiyo tufunge kazi."

Anthony Gaughan na Sabina Barrett ndio wazazi wa yule babu aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa. Ndoa yao ilikuwa nyepesi kuipata. Kitabu cha kanisa, Februari ya mwaka 1852, juma la mwisho kabla ya Kwaresima, wakati ule ambao kila kijana wa magharibi alikuwa akikimbilia kuoa kabla mlango haujafungwa. Nikaiandika. Ningesimama hapo, ningepanda gari langu nikarudi nyumbani kula.

Lakini mimi mtu wa vitendawili. Nikasema hebu nitazame na upande wa serikali, huenda na hawa nao wana kioja chao.

Nikabonyeza majina. Likatokea jibu moja: Anthony Gaughan, mkulima, wa Kilvarna. Sabina Barrett, binti wa Michael, wa Kilvarna. Machi ya mwaka 1848.

Kwanza nikacheka. Nikasema serikali hiyo, imekosea tena, safari hii kwa miaka minne. Kisha jicho likarudi kwenye mwezi. Machi. Nikahesabu Pasaka ya mwaka ule. Ndoa ilikuwa katikati ya Kwaresima. Hakuna padri wetu aliyefungisha ndoa katikati ya Kwaresima, hata kwa mfalme.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Serikali haikuandika ndoa za Wakatoliki mpaka mwaka 1864. Kabla ya hapo hatukuwa na habari nayo wala haikuwa na habari nasi. Ndoa zilizoandikwa zamani hizo ni za Waprotestanti na watu wengine wachache. Nikafungua ukurasa wenyewe. Juu kabisa, kwa maandishi ya chapa, palikuwa na jina la kanisa la wamisionari, lile la kule chini pwani, na maneno kwamba ndoa imefungwa kwa kawaida za kanisa hilo. Chini, bwana na bibi hawakujua kuandika. Kila mmoja aliweka alama ya msalaba. Na chini yao, shahidi naye na alama yake: Mathew Togher.

Yule mwanamke wa maktaba akapita nyuma yangu. "Umekipata ulichokitafuta, mama?"

"Nimekipata," nikasema. Uso uliniwaka kama niliyekutwa na kijiko chake mfukoni.

Nilikaa kwenye gari bila kuliwasha. Sikuwaza Njaa, wala sikuwaza bakuli, Mungu anisamehe. Niliwaza fremu. Niliwaza Austin akishuka ngazi. Nikamwaza na Sabina, msichana, anainama mbele ya mchungaji asiyemwelewa lugha, na aibu iliyonishika haikuwa juu yake hata kidogo. Nani angemlaumu? Ilikuwa juu yetu sisi tuliokuja nyuma yake tumeshiba.

Wakati wa kurudi nilipita kwa Winnie. Alikuwa mlangoni, akanipungia mkono. Niliikazia macho barabara kama ambaye hakuona, na barabara ile ni nyembamba kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikamshika.

Karatasi nikaitia kwenye kopo la mkate, chini ya mkate. Siku zilizofuata kila nilipokata kipande niliiona kona yake. Mwishowe sikuweza tena kula. Nikaichukua nikampelekea Austin zizini, alikokuwa na ng'ombe aliyekaribia kuzaa.

"Kaka, Anthony na Sabina walioana lini?"

"Hamsini na mbili. Wewe mwenyewe umeniambia."

"Na hii?"

Akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaisoma huku midomo inacheza. "Serikali hiyo. Si tulishakubaliana?"

"Soma kanisa gani hapo juu."

Akasoma. Ng'ombe akahema. Austin akasoma tena.

"Ni Gaughan wengine hawa."

"Wa Kilvarna hii? Wenye Sabina Barrett binti Michael?"

"Barrett wako wengi."

"Ni wengi, kaka. Mtazame shahidi."

Alipofika kwenye jina la Togher shingo yake ilipanda rangi, kutoka kola mpaka masikioni, kama ya baba alipokuwa ameshikwa na jambo. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza hivi:

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Fremu imekwisha, Delia." Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia kwake. "Nimewaambia watu wote. Acha Misa ipite. Nakuomba, dada yangu. Ikishapita uichome, au niichome mimi."

Na unajua nilifanya nini? Niliikunja, nikairudisha mfukoni, nikamwambia kwamba ng'ombe wake anaelekea kuzaa leo. Nikaenda zangu, na njiani nikahisi mwili umekuwa mwepesi. Wepesi ule ndio ninaouonea haya mpaka sasa.

Siku ya Misa jiko la Austin lilinuka rangi na bekoni. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe cha mama, mishumaa miwili, na ukutani, juu kabisa ya kichwa cha Padri, fremu. Anthony na Sabina, 1852, kwa wino mzuri. Maneno ya dhahabu yaling'aa kila mshumaa ulipotikisika.

Packie Ruddy, jirani wa nyumba ya pili, aliingia anafuta miguu. "Austin, umepaka hadi paka! Nimemwona hapo nje, mweupe."

"Alipita kwenye ngazi," Concepta akasema.

"Bernie, mke wangu, asimwone tu. Atanitaka na mimi nimpake wa kwetu."

Winnie alikuja na mkate wake, akauweka mwisho wa meza, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amevaa koti la bluu ambalo sikuwahi kuliona.

Misa ikaenda vizuri. Padri Shaji alisema machache, akabariki nyumba, watu wakaanza kunyoosha magoti, Concepta akashika birika. Ndipo Padri akauliza, kama inavyoulizwa siku zote, anatabasamu:

"Haya, majirani zangu, vuli tunakwenda kwa nani?"

"Kwetu, Padri, kama kawaida," Packie akasema. "Bernie ameshaanza kunifokea tangu Krismasi."

Winnie akainua mkono. Aliuinua kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kutoka, kiwiko karibu na mbavu.

"Kwangu ni karibu zaidi, Padri," akasema.

Watu walitazama vikombe, walitazama viatu. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama mwenye nyumba. Austin aliniangalia mimi kwanza. Halafu akaangalia dirisha.

"Njia ya Misa ni ya tangu zamani, Padri," akasema. "Inatoka hapa inakwenda kwa Ruddy. Sikuiweka mimi."

Winnie akashusha mkono. Alisimama, akaja mwisho wa meza, akaanza kuufunga mkate wake kwenye kitambaa. Haukuwa umekatwa. Mikate yote mingine pale mezani ilikuwa imekatwa, hata wa dukani, lakini wa Winnie ulikuwa mzima, na kwa ustadi wa vidole vyake katika kufunga nikajua kwamba siku zote aliufunga mzima hivyohivyo. Miaka yote ile nimekaa meza moja nao.

"Nina kitendawili," nikasema.

"Ee Bwana, Delia, saa hii?" Packie akashusha pumzi, maana ukimya ulikuwa umemchoma. "Tega, basi, tega!"

"Walioana mara mbili, wao kwa wao, na katikati hakuna aliyekufa wala aliyeachwa."

"Ni mimi na Bernie. Kila Jumamosi nikitoka baa ananiapisha upya mlangoni."

Watu wakacheka zaidi ya ilivyostahili.

"Sicho."

"Chukua Westport."

"Westport nimeila, haikunishibisha."

"Delia," Austin akasema. Hilo tu.

Nilitaka kumtazama nikashindwa. Nikainua kidole kwenye fremu.

"Ni hawa. Anthony na Sabina, wazazi wa babu yetu. Mara ya pili ndiyo hiyo mnayoisoma, waliporudi kanisani kwetu. Mara ya kwanza ilikuwa miaka minne nyuma, Kwaresima ya njaa, katika kanisa la wamisionari kule pwani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na sufuria. Ndoa imeandikwa, karatasi ninayo hapa mfukoni. Gaughan walikunywa supu. Tulikunywa kama wengine."

Birika likaanza kupiga kelele na hakuna aliyelitoa motoni.

"Karatasi ya serikali..." Austin akaanza. Hakuimaliza. Shingo ilikuwa imeshapanda rangi, na safari hii kila mtu aliiona. Akachukua kofia yake msumarini, akasema anakwenda kumtazama ndama, akapita katikati yetu, na sisi tukabana miguu ili apite. Mwenye nyumba kuchukua kofia na kutoka nyumbani kwake mwenyewe, siku ya Misa. Nilitamani ardhi inimeze mimi.

Winnie alikuwa bado ameshika pembe za kitambaa.

"Hukuwa na haja, mdogo wangu," akasema polepole. "Mbele ya watu namna hii."

"Ulijua?"

"Bibi yangu alitusimulia. Walikwenda pamoja, Togher na Gaughan, na kopo moja la bati, maana Gaughan hawakuwa na kopo. Babu Mathew akawasimamia ndoa."

"Winnie, watu wamewaita majina vizazi na vizazi. Misa imewaruka. Mbona hamkusema hata mara moja?"

"Bibi alikataza." Akaifikiria kidogo, kama anayetafuta maneno yenyewe. "Alisema Sabina alikuwa na mimba siku ile, na mtoto akaishi. Akawa mkubwa, akaenda zake Amerika. Bibi akatuuliza, sasa mnataka niende barabarani nikatangaze nini? Kwamba mtoto aliishi?"

Concepta akaliondoa birika. Nilimsikia anavuta makamasi.

"Na ninyi mlirudi lini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeanza kuogopa jibu.

"Mwaka mmoja baada yenu. Mama yake Mathew alikuwa kitandani, na kule walikuwa na dawa. Walingoja mpaka alipokufa."

Basi. Gaughan walikuwa wa kwanza kurudi. Sikuhitaji karatasi kunionyesha mengine: anayerudi wa kwanza, akaulizwa na wenzake, atamnyooshea kidole aliyebaki. Jina lile la Supu lilitoka kwanza mdomoni mwetu, likatembea barabarani miaka mia na sitini na zaidi, na lilipotuangalia usoni hatukulifahamu.

Padri Shaji ndiye aliyeamua. Alisafisha koo, akasema tu, "Vuli, basi, kwa Winnie." Hakuuliza.

"Nyumbani watanishangilia," Packie akasema kwa sauti nzito kuliko yake ya kawaida. "Hatupaki mwaka huu." Akasogea mwisho wa meza, akafungua kitambaa kutoka mikononi mwa Winnie kwa upole, akachukua kisu, akaukata ule mkate. Akatazama ndani. "Una zabibu," akasema. "Miaka yote hii una zabibu, na hakuna aliyeniambia."

Alitaka iwe mzaha. Haikuwa. Tulikula kila mtu kipande, tumesimama, bila kutazamana.

Kiangazi chote Austin hakusema nami. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili. Concepta alikuja darajani mara kwa mara, akiniletea mayai ambayo sikuyaomba, na ndiye aliyeniambia kwamba fremu imegeuzwa uso ukutani nyuma ya kabati, na kwamba mumewe hulala chali anatazama dari aliyoipaka mwenyewe.

"Ana hasira nami," nikasema.

"Hasira zingekwisha, Delia. Mwenzio anaona haya. Anapita kwa Winnie amejikunja kwenye trekta kama mwizi."

Oktoba ilipofika nilikwenda kwa Winnie na ndoo na brashi, nimsaidie kupaka. Akacheka mpaka akakohoa.

"Upake nini? Hebu shika."

Nikashika ukuta wake. Ulikuwa mweupe, na laini, na kona zake zote zilikuwa za mviringo kama za sabuni iliyotumika. Chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa.

"Kila Misa ilipofika kwenu kwa Gaughan," akasema, "mama yangu alipaka. Na bibi kabla yake. Kisha mimi. Maana huwezi kujua. Watu wakisema ndiyo asubuhi, utapaka saa ngapi?"

Niliketi juu ya ndoo yangu.

Siku yenyewe jiko lilijaa mpaka watu wakasimama barazani. Concepta alikuja peke yake, na keki, na macho mekundu. Padri alisoma Misa juu ya meza ya Togher, na Winnie alikaa kwenye kiti chenye mgongo, katikati, na koti la bluu. Mkate wake ulikuwa wa kwanza kukatwa.

Tulikuwa kwenye chai Packie alipoegemea dirisha. "Kuna mtu getini."

Alikuwa Austin. Suti ya Jumapili, kofia mkononi, mvua nyepesi inamdondokea kwenye upara. Alikuwa hajafungua geti wala hajaondoka. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mabega ya koti yalikuwa meusi kwa maji.

Niliinuka. Winnie akanishika mkono.

"Kaa. Ni mgeni wangu huyo."

Akamimina kikombe, akachukua fimbo, akatoka. Alikwenda polepole sana, na kikombe kinacheza kwenye kisahani. Mlango ulikuwa wazi, na jikoni hakuna aliyetafuna.

"Winnie," kaka yangu akasema. "Mimi sijui nianzie wapi."

"Usianze. Pokea hiki, mkono unanichoka."

Hakupokea. Alikuwa anakitazama kikombe na mvuke wake, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Usiogope, Austin," Winnie akasema. "Ni chai."

Sauti iliyomtoka sikujua kama ni kicheko. Ikabidi avae kofia ili apate mikono miwili ya kukishika kikombe. Kisha akafungua geti kwa kiwiko, akafika kizingitini, akakumbuka anaingia kwenye nyumba yenye Misa na kofia kichwani, na hakuwa na mkono wa kuivua. Akasimama hapo mlangoni mbele yetu sote, kikombe kinalia kwenye kisahani, akisubiri mtu amvulie.